Albóndiga si "mipira ya nyama", na bunduki ni ndugu yake

Mhariri,

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa akinisomea ukurasa wenu wa mapishi huku mimi namenya vitunguu thomu. Akafika mahali akasita. "Mipira ya nyama ya Kihispania," akasoma, kisha akanitazama juu ya miwani. "Ndiyo nini hii, mzee?" Nikamwambia aendelee. Nyama ya kusaga, mkate uliorowekwa maziwa, yai, thomu, majani yanayofanana na dania, unga wa kuviringishia, mafuta ya zeituni, mchuzi wa nyanya. Nikaweka kisu chini. "Lo! Hizi si albóndiga? Nimezipika miaka sita mimi, tena meli ikiyumba."

Mapishi yenyewe sina ugomvi nayo, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja mwisho. Ugomvi wangu ni wa jina. Mpira kwetu ni ule wanaoupiga vijana, au ule wa kumwagilia maji bustani, na upo mwingine ambao sitautaja kwa kuwa ukurasa ule husomwa na watoto. Hakuna hata mmoja unaoliwa. Aliyeandika alichukua neno la Kiingereza akaligeuza vipande viwili, kipande kwa kipande, akatuwekea mezani. Na Waingereza hapo hawakuhusika na chochote. Chakula ni cha Wahispania, jina wamelipata kwa Waarabu, na sisi wa pwani jina la chakula cha aina hiyo tunalo tangu enzi za bibi zetu: kababu. Nyama ya kusaga, tangawizi, thomu, pilipili mbichi, dania, boflo lililorowekwa likakamuliwa, yai la kushikisha, unaviringa kwa viganja, unakaanga. Nenda Kibokoni alasiri yoyote ya Ramadhani uone sinia zinavyopita barabarani zimefunikwa vitambaa. Najua Nairobi ukiagiza "kebab" utaletewa kitu kirefu kama soseji kilichovishwa yai. Hilo ni la Nairobi, na sina neno nalo, njaa inaliondoa vilevile.

Nijieleze kidogo ili usidhani ni mzee wa barazani anayebahatisha. Mimi ni mpishi mstaafu. Mwaka 1998 nilipanda meli ya jodari ya Wahispania katika bandari ya Victoria, kisiwani Mahé, Shelisheli, nikiwa msaidizi wa jikoni. Wengine wenu mmepata kuziona meli hizo hata hapa Mombasa, wavu umerundikwa nyuma kama kilima na juu yake imeegeshwa mashua moja nene ya chuma. Zimekuwa zikivua katika bahari yetu hii tangu miaka ya 1980, na nyingi za Wahispania zimetoka Galicia na nchi ya Wabaski. Mpishi mkuu wetu alikuwa mtu wa Bermeo, mji wa wavuvi huko kaskazini mwa Uhispania. Mtu mnene, mkimya, mwenye kovu la mafuta ya moto mkononi kama ramani. Jina langu lilimshinda siku ya kwanza akaniita "Mombasa", na Mombasa nikabaki mpaka nateremka.

Wiki ya kwanza alinisogezea beseni la nyama ya kusaga. "Albóndigas," akasema, na alipoona nimeduwaa akasugua viganja viwili kwa kuzungusha, kama mtu anayetawadha bila maji. Mikono nikaielewa kabla ya neno. Tatizo likawa nyama. Ilikuwa mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, kwa kuwa wengi wao ndivyo wanavyoipenda, wanasema ng'ombe mtupu hukauka. Nikarudi nyuma hatua moja, nikatikisa kichwa, nikaonyesha kidole juu. Alinitazama kwa muda nikadhani nitarudishwa bandarini. Kisha akafungua friza, akatoa pande la jodari, akaliweka mbele yangu pu! Nilikuja kujua baadaye kwamba pwani ya kwao hufanya albóndiga za samaki vilevile, hasa yule jodari mweupe wanayemwita bonito, anayevuliwa majira ya joto katika Ghuba ya Biscay. Tangu siku hiyo tukagawana meza. Yeye upande wake na beseni lake, mimi upande wangu na langu, na kila mmoja na kikaango chake. Wasenegali na Wamadagaska waliokuwa Waislamu wakajua upande wa kupanga foleni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ukubwa. Niliviringa kama tunavyoviringa nyumbani kwa futari, kila moja karibu na yai la kuku. Mpishi mkuu akaokota moja, akaipima kwa mkono kama mtu anayenunua embe, akaikata vipande vitatu na kuviringa upya. Akaniwekea moja mbele ya macho, katikati ya kidole gumba na cha shahada. Duara, dogo, kama gololi kubwa. Hapo sikujua kwamba katika vidole vile viwili alikuwa amelishika asili la neno lake. Wala yeye hakujua.

Kosa la pili lilikuwa la kujitia ufundi wa lugha. Nilipopata Kihispania cha wiki tatu nikamwambia kwa fahari kwamba kwetu hizi zinaitwa kababu. "Kebab?" Uso ukamkunjamana. Kwao kebab ni lile rundo la nyama linalozungushwa kwenye chuma mbele ya moto, linachongwa kwa kisu kirefu likatiwa ndani ya mkate, na wateja wakubwa ni vijana wanaotoka kwenye ulevi saa tisa za usiku. Alinitazama kama nilimwambia kwetu samaki huitwa baiskeli. Nikanyamaza. Neno moja, kwa Mturuki ni nyama ya moto wa makaa, kwa Mhispania ni mkate wa usiku, kwa Mnairobi soseji, kwa Mmombasa duara, na kila mmoja anaapa kwamba wenzake wamekosea.

Lakini ugomvi mkubwa wa meli ile haukuwa wangu. Palikuwa na fundi mmoja wa mashine, mtu wa vijijini kusini, ambaye kila zilipopikwa alipiga sahani kwa kijiko akaita "¡Almóndigas!" kwa em. Meza nzima ilimvamia. Kwa Mhispania aliyesoma, anayesema almóndiga amejivua nguo mbele ya watu. Siku moja fundi akachoka, akasimama, akasema neno hilo limo ndani ya kamusi ya Akademia ya Kifalme na asiyeamini akatazame. Mpishi mkuu, aliyekuwa haongei, akaongea siku hiyo. Akasema ndiyo, limo, kwa sababu siku hizi Akademia inakubali takataka yoyote wanayosema watu wavivu. Wakasusiana mpaka wavu uliofuata.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu alinitafutia jambo hilo kwenye simu, na nikatamani kama ningekuwa na namba za watu wale wawili. Neno limo kweli. Ila halikuingizwa "siku hizi". Akademia ile iliundwa mwaka 1713, ikatoa juzuu ya kwanza ya kamusi yake ya kwanza mwaka 1726, herufi A na B, na almóndiga ilikuwemo humohumo. Limekaa huko karibu miaka 300, na leo limewekewa alama kwamba limepitwa na wakati na kwamba ni usemi wa watu wasio na elimu. Yaani fundi alikuwa na haki ya kamusi, mpishi alikuwa na haki ya alama, ila tarehe aliikosea. Mimi moyoni nilikuwa upande wa fundi. Sisi Wamvita tunaosema "mato" badala ya macho na "ndaa" badala ya njaa tulikionja kicheko hicho darasani, tena kwa walimu waliojifunza Kiswahili ukubwani.

Sasa nije kwenye chokoleti, kwa sababu bila chokoleti nisingeandika barua hii.

Mpwa wangu anafanya kazi Doha. Alipokuja likizo alituletea pakiti za chokoleti, zimeandikwa Kiarabu upande mmoja, na kwa mbele zimechorwa kokwa za rangi ya kahawia, mviringo zenye ncha ndogo. Mjukuu wangu wa miaka 9 akaning'inia begani. "Babu, imeandikwaje hapa?" Mimi Kiarabu cha kuzungumza sina, lakini herufi nilifundishwa chuoni kwa fimbo, naweza kusoma hata nisichokielewa. Nikaifuata kwa kidole. Be. Nuni. Dali. Kafu. "Bunduq," nikasema. Mtoto akaanguka sakafuni kwa kicheko. "Chokoleti ya bunduki! Mama, babu anakula chokoleti ya bunduki!"

Nilicheka naye, lakini neno likanikaa. Jioni nikalipeleka kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiarabu, pamoja na kipande cha chokoleti kama ushahidi. Alikula ushahidi wote kwanza ndipo akanieleza. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa ile, Waingereza huiita hazelnut, ambayo miti yake haioti kwetu. Waarabu nao hawakuibuni. Wagiriki wa kale waliiita kokwa ya Ponto, karyon pontikon, na Ponto ni nchi ya ukanda wa kusini wa Bahari Nyeusi. Mpaka leo Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa kokwa hizo, nyingi zikitoka ukanda huohuo, na Waturuki huziita fındık, ambalo ni neno lilelile limevaa kanzu nyingine. Pontikon ikawa bunduq, kwa kuwa Kiarabu hakina pe.

Kisha, akasema mwalimu, kila kitu kidogo cha mviringo kikaanza kuitwa bunduq. Palikuwa na upinde wa kurushia vidonge vya udongo, wa kuwindia ndege, na vidonge vile vikaitwa hivyo. Sultani Baybars aliyetawala Misri kuanzia 1260 mpaka 1277 alijulikana kama al-Bunduqdari, kwa sababu bwana wake mmoja, alipokuwa mtumwa kijana, alikuwa na cheo cha mshika upinde huo. Sultani mzima, jina lake limetokana na kokwa! Baruti ilipokuja, kidonge kikahama kutoka kwenye upinde kikaingia ndani ya mtutu, na mtutu ukaitwa bunduqiyya. Wahindi wakasema banduq. Sisi tukasema bunduki. Kinachotoka ndani yake tukakiita risasi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni jina la madini yaliyoyeyushwa kutengenezea vidonge hivyo.

Nikamuuliza, na kikombe cha kahawa kimesimama hewani, "Mwalimu, ukitia mbele ile al ya Kiarabu inayotangulia majina, inakuwaje?" Akasema al-bunduqa, ni kokwa moja, au kidonge kimoja. Nikarudia polepole. Al-bunduqa. Al-bundiqa. Albóndiga.

Nikaviona tena vile vidole viwili vya mtu wa Bermeo.

Ndivyo kamusi za Kihispania zenyewe zinavyosema, si ndoto ya mpishi mzee. Waislamu waliingia nchi ile mwaka 711, na mji wa mwisho waliokuwa wakiutawala, Granada, ukaanguka 1492. Katika muda wote huo watu wa Al-Andalus, kama Waarabu walivyoiita nchi hiyo, walipika vidonge vya nyama wakaviita kwa umbo lake, na Wahispania wakachukua chakula pamoja na jina, na al yake wakaimeza humohumo. Mwaka 1609 mfalme Felipe wa Tatu akaanza kuwafukuza wazao wa Waislamu waliobaki, hata wale waliobatizwa, na mpaka 1614 walikuwa wamepakiwa merikebuni kwa malaki. Wenye neno wakaondolewa, neno likaachwa mezani, likachanganywa nguruwe. Nilipokuwa narudi nyuma ile hatua moja mbele ya beseni, sikujua kwamba nakataa kitu chenye jina la ukoo wangu.

Basi tazama safari yenyewe. Kokwa moja ya Bahari Nyeusi. Mtoto mmoja akaelekea magharibi akaingia sufuriani, mwingine akaja kusini akaingia kwenye mtutu. Na wote wawili wameisahau kokwa. Mhispania ukimwonyesha kokwa yenyewe hataiita bunduq, huiita avellana, kwa jina la Abella, mji wa zamani wa Italia. Sisi nasi ukituonyesha tutauliza kwanza kama ni kungu au ni nini.

Nililipeleka jambo hili barazani siku ya pili, nikapata nilichokitafuta. Mmoja akasema bunduki ni neno la Kireno, kwa sababu Wareno ndio waliokuja nazo, na akaonyesha Ngome ya Yesu kwa mkono kana kwamba ngome ni shahidi. Nikamwambia Mreno bunduki ya zamani aliiita espingarda, na espingarda haikuacha hata herufi moja Mombasa. Tena, nikaongeza kwa kuwa nilikuwa nimeshika kasi, ngome ile iliyoanza kujengwa 1593 ilijengwa wakati mfalme wa Ureno alikuwa ni yuleyule mfalme wa Uhispania, Felipe wa Pili, baba yake huyo aliyefukuza watu. Kwa hiyo ukiitafuta Uhispania hapa mjini, umeiegemea.

Wa pili, mtu aliyewahi kukaa Muscat, akaleta hoja nzito zaidi. Akasema Waarabu mji wa Venice huuita al-Bunduqiyya, na bunduki za kwanza zilitoka huko, basi jina limetoka huko. Hii nimeisikia kwa wengine pia na ina sura nzuri. Mimi sikuinunua. Upinde wa vidonge na cheo cha mshika upinde vilikuwapo kabla ya mtutu wowote wa bunduki kufika nchi zile, na vilikwisha kubeba jina la kokwa. Mtu akishakuwa na kidonge anakiita bunduq na anakirusha, haendi Venice kuazima jina la kitu kinachokirusha.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni ndiye aliyefunga mjadala bila kukusudia. Akasema, kuna ajabu gani? Sisi wenyewe gogo la kufugia nyuki tunaliita mzinga, na lile bomba la chuma lililolala mbele ya Ngome nalo tunaliita mzinga. Moja linatoa asali, jingine linatoa mauti. Tukainuka kwenda kuswali.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyenunua viatu vipya, kila niendapo natazama miguu. Sukari ya kwenye chai yangu kwa Mhispania ni azúcar, na zafarani ya pilau ni azafrán. Sisi mara nyingi tuliiacha al mlangoni, wao wakaingia nayo mpaka chumbani. Si mara zote: tazama alfajiri, alasiri na Alhamisi, tulivyozibeba. Kadhi wetu hapa Mombasa anafungisha ndoa na kugawa mirathi, huko kwao al-qadi amekuwa alcalde, meya wa mji, anakata utepe na kufungua barabara. Diwani wetu tunampigia kura. Kwao ad-diwan imekuwa aduana, nyumba ya ushuru, na mimi mabegi yangu yamepekuliwa aduana zaidi ya mara moja bila kujua nimesimama mbele ya diwani. Chupa ya alizeti iliyopo jikoni kwangu na ile ya aceite aliyokuwa akiifungia kabatini mpishi mkuu zina zayt moja ndani yake, mafuta kwa Kiarabu, ingawa yetu imebanduka kwenye zeituni ikakwea kwenye ua linalofuata jua.

Ninapokuwa nimefika hapa mke wangu huondoka chumbani, kwa hiyo nitarudi kwenye nyama.

Mpwa wangu wa Doha nilipomsimulia hadithi hii kwa simu, akasema ngoja kwanza. Pale anapofanya kazi yuko dada mmoja wa Ufilipino ambaye siku za baridi hupika supu ya vidonge vya nyama na tambi nyembamba sana, na supu hiyo huiita almondigas. Nikamwambia arudie. Al-mon-di-gas? Kwa em? Kwa em, mjomba. Uhispania iliitawala Ufilipino tangu 1565 mpaka 1898, na kati ya vitu ilivyoviacha ni hicho kwenye bakuli. Kwa hiyo lile neno la aibu, lililomfanya fundi wa mashine arushiwe maganda ya mkate, ndilo lililopanda merikebu likavuka bahari mbili likaota mizizi. Wareno nao, majirani wa mlango, husema almôndega, kwa em vilevile, wala hakuna anayewacheka. Popote alipo fundi yule, Mungu ampe afya.

Najua atatokea msomaji aseme: kababu zetu zina pilipili na dania, hazitiwi mchuzi, tunaminyia ndimu tunakula na chatini ya ukwaju, hivyo vitu viwili si kimoja. Kweli. Lakini wao wenyewe hawana albóndiga moja. Wengine huzipika kwa mchuzi wa nyanya, wengine kwa mchuzi wa lozi zilizosagwa na zafarani, Wakatalani huzichanganya na ngisi kwenye chungu kimoja, Wameksiko huzitia kwenye supu na majani ya nanaa. Zote albóndiga. Jina linafuata viganja, halifuati mchuzi. Na viganja ni hivihivi.

Basi ombi langu ni dogo. Mkitaka wasomaji wajue wanachopika, andikeni "kababu za Kihispania", kila mtu kuanzia Lamu mpaka Kilwa ataelewa kabla hajafika mstari wa pili. Mkitaka kuonyesha kwamba mmesafiri, andikeni albóndiga, na mtie mstari mmoja kwamba ni ndugu wa bunduki, watoto watapenda. "Mipira" iachieni kurasa za michezo.

Sasa lile jambo moja nililoahidi. Mapishi yenu yamesema zikaangwe katika mafuta ya moto "kwa dakika 20". Mke wangu alilisoma mara mbili nikidhani amekosea. Mhariri, hizi hukaangwa kidogo tu, dakika 3 au 4, zishike rangi nje, kisha humalizikia kuiva ndani ya mchuzi kwa moto mdogo. Binti yangu hakutusikia tukibishana, akafuata gazeti. Nilipoingia jikoni moja ilikuwa imemponyoka kwenye mwiko, ikagonga sakafu, ikaruka, ikatokomea chini ya kabati, na paka aliyeifuata akarudi bila kuila. Kwa dakika 20 zile hazikuwa albóndiga tena, zilikuwa zimesharudi kwenye bunduki.

Wako,
Mpishi mstaafu wa meli,
Kibokoni, Mombasa